SARATANI YA TITI: TUSIISHIE NJIANI

(Mazungumzo haya yalitolewa na Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na jamaa zao katika kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa. Yamechapwa ili na wale ambao hawakuhudhuria wayasome.)



Wazee waliopo hapa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Adui wa siku zile walikuwa malaria, kichocho na kuhara. Leo adui hao bado wapo, lakini ameongezeka mwingine ambaye tumezoea kumtaja kwa kunong'ona. Jina lake ni saratani ya titi. Wengine huiita kansa ya ziwa.

Leo hatutazungumza sana juu ya kuigundua. Hayo tumeyasema mara nyingi: ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi imekunjamana kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda kituo cha afya mapema. Leo tunataka kuzungumza na yule ambaye tayari ameambiwa anayo, ameanza tiba, na sasa amechoka. Tunataka pia kuzungumza na jamaa zake. Maana wapo watu wengi wanaoanza safari hii vizuri, kisha wakaishia njiani.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila chembe hukua, hugawanyika kwa utaratibu, na huisha wakati wake ukifika. Saratani ni chembe zilizoacha utaratibu. Zinaongezeka ovyo, zinafanya uvimbe, na zisipozuiwa husafiri kwa njia ya damu na tezi hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Siyo ugonjwa wa watu wachache. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya titi, na wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hata wanaume huupata. Kati ya wagonjwa 100, karibu mmoja huweza kuwa mwanamume. Kwa hiyo baba asicheke.

Je, unatokana na nini? Wagonjwa wengi hawana sababu inayoweza kuonyeshwa kwa kidole, isipokuwa kwamba ni wanawake na umri umesogea. Hautokani na kurogwa. Hautokani na kuweka hela kwenye sidiria. Hautokani na mtoto kuuma titi. Wala hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja. Ukisikia mtu anasema vingine, mwambie aje darasani.

TIBA NI NDEFU, NA INA SABABU

Malaria tumeizoea. Unameza dawa siku tatu, unapona, unakwenda shamba. Saratani ya titi haiko hivyo. Tiba yake ina sehemu kadhaa, na kila sehemu ina kazi yake.

Kwanza, upasuaji. Daktari huondoa uvimbe, au titi zima, pamoja na baadhi ya tezi za kwapani.

Pili, dawa za kuua chembe za saratani, ambazo hupitishwa kwenye mshipa kwa dripu. Wagonjwa wengi huita kemo. Mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, kwa awamu kadhaa. Wapo wanaopewa kabla ya upasuaji ili uvimbe usinyae, na wapo wanaopewa baada yake.

Tatu, mionzi. Hii ni miale inayoelekezwa mahali penye ugonjwa. Hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu hadi tano au zaidi.

Nne, vidonge vya kuzuia homoni, kwa wale ambao vipimo vimeonyesha kwamba saratani yao hulishwa na homoni za kike. Vidonge hivi humezwa kila siku kwa miaka mitano, na pengine kumi.

Siyo kila mgonjwa hupewa zote nne. Vipimo vya kinyama ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo usishangae jirani yako akipewa dawa tofauti na yako, wala usiazime dawa zake.

Sasa tuulizane. Kama uvimbe umeshatolewa, kwa nini mtu aendelee kutibiwa? Tufikirie shamba. Mkulima akifyeka magugu juu, shamba linaonekana safi. Lakini vipande vya mizizi vimebaki ardhini. Mvua ikinyesha, magugu yanarudi. Upasuaji umefyeka. Dawa, mionzi na vidonge vinafuata mizizi ambayo jicho la daktari haliwezi kuiona. Ndiyo maana mtu anaweza kujisikia mzima kabisa na bado akahitaji tiba.

WALIOISHIA NJIANI

Tulimfahamu mama mmoja katika kata tunazotembelea. Alikuwa mwanakisomo hodari, mwandishi wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alipangiwa awamu sita za dawa ya mshipa. Baada ya awamu ya tatu uvimbe ulisinyaa mpaka ukawa haushikiki. Nywele zilikuwa zimeondoka zote, na msimu wa kupanda ulikuwa umefika.

Wifi yake alimwambia kwa nia njema, "Wifi, uvimbe si umeisha? Unakwenda kufuata nini tena huko mjini? Dawa yenyewe inakuua. Pumzika, tupande kwanza, utakwenda baadaye."

Yeye akajibu, "Kweli, wifi. Nitakwenda baada ya mavuno."

Akapanda. Akavuna. Muuguzi alipiga simu mara mbili, hakuna aliyepokea. Uvimbe uliporudi, ulirudi mkubwa kuliko wa kwanza, ukafunguka kidonda. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mifupa ya mgongo. Mazungumzo yakabadilika. Haikuwa tena habari ya kuung'oa, bali ya kuuzuia na kutuliza maumivu. Aliishi mwaka mmoja na miezi michache.

Hatusemi kwamba angemaliza awamu sita angepona kwa hakika. Hakuna mganga wala daktari anayeweza kutoa ahadi hiyo. Lakini alikuwa na nafasi nzuri, na nafasi hiyo ilipungua kwa kila mwezi aliokaa nyumbani. Wala hatumlaumu wifi. Wifi hakuelezwa. Hakuna aliyemwita akae, akaambiwa kwa nini dawa ziko sita na si tatu. Ndiyo sababu leo tumewaalika na jamaa.

Shirika la Afya Duniani limeweka malengo kuhusu ugonjwa huu. Moja ya malengo hayo ni kwamba katika kila wagonjwa 100, angalau 80 wamalize tiba waliyopangiwa. Kuanza peke yake hakutoshi.

KALAMU NA DAFTARI NI SEHEMU YA TIBA

Ninyi mmejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Watu huuliza, kisomo kina faida gani kwa mtu mzima? Hapa ndipo faida inapoonekana.

Nunua daftari dogo. Usilitumie kwa kazi nyingine. Juu ya jalada andika jina lako, kijiji chako, namba yako ya hospitali na namba ya simu ya jamaa wa karibu. Ndani andika mambo haya:

1. Tarehe ya kila dawa uliyopewa, na jina la dawa hiyo. Mwombe muuguzi akuandikie.
2. Tarehe ya kurudi. Soma kadi yako kabla ya kutoka mlangoni. Kama huelewi mwandiko, uliza palepale.
3. Mambo yaliyokupata nyumbani: kutapika, homa, vidonda vya mdomo, ganzi, na siku yalipoanza.
4. Maswali yako. Mbele ya daktari mtu husahau. Ukiandika manne usiku, utauliza manne asubuhi.
5. Nauli na matumizi.

Tupige hesabu pamoja. Mama amepewa dawa ya mshipa tarehe 4 Machi. Arudi baada ya siku 21. Nne jumlisha ishirini na moja, ni tarehe 25 Machi. Andika.

Sasa hesabu ya pili, ambayo ni ya kuokoa maisha. Dawa hizi huua chembe mbaya, lakini hupunguza pia chembe nyeupe za damu, ambao ni askari wa mwili. Askari hao hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Kwa mama wetu, ni tarehe 11 hadi 18 Machi. Zungushia duara siku hizo katika kalenda. Katika siku hizo homa ndogo ni hatari kubwa.

Nunua kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Usimeze panadoli ukasubiri kukuche, maana panadoli huficha homa na wadudu wanaendelea na kazi. Ukifika, sema mapema kabisa: "Mimi ni mgonjwa wa saratani, nimepewa dawa ya mshipa tarehe fulani, nina homa." Onyesha daftari. Mhudumu wa zahanati asiyekujua atakuelewa kwa dakika moja.

Kama nyumbani hakuna anayesoma vizuri, mtoto wa shule atasaidia. Tunamfahamu binti wa darasa la tano aliyekuwa akimwambia mama yake kila asubuhi, "Shikamoo mama. Leo ni siku ya nane." Mama akiitikia "Marahaba", kipimajoto kipo mkononi. Kazi ndogo, lakini ilimlinda mama miezi minne.

MATATIZO YA DAWA NA NAMNA YA KUYAKABILI

Dawa hizi ni kali. Tusidanganyane. Lakini matatizo mengi yana njia.

Kichefuchefu na kutapika. Kuna vidonge vya kuzuia. Vimeze kwa saa ulizoambiwa, usingoje mpaka utapike. Kula kidogo kidogo, mara nyingi: uji, ndizi, viazi, wali laini. Chakula cha moto kinachotoa harufu kali huzidisha kichefuchefu, basi kiache kipoe.

Nywele. Kwa dawa nyingi za aina hii huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu. Wengine hukata mapema wasizione zikidondoka mtoni. Zitaota tena tiba ikiisha. Funga kitambaa, vaa kofia ya kufuma, au kaa hivyo hivyo. Si aibu.

Mkojo mwekundu. Ipo dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Baada ya kupewa, mkojo huwa mwekundu siku moja au mbili. Hiyo siyo damu, ni rangi ya dawa. Ukizidi siku hizo, au ukiona maumivu, ndipo useme.

Vidonda vya mdomo. Sukutua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, mara kadhaa kwa siku. Tumia mswaki laini.

Kuchoka. Uchovu wa tiba si uvivu. Pumzika, lakini usilale kutwa. Kutembea kidogo kila siku humsaidia mgonjwa kupata nguvu, na humsaidia kulala usiku.

Chakula. Hakuna chakula kimoja cha ajabu kinachoponya saratani. Kula vilivyopo: maharage, dagaa, mayai yaliyoiva, mboga, matunda yaliyooshwa kwa maji safi. Kunywa maji yaliyochemshwa. Pombe iache.

Mitishamba je? Wengi hutumia kwa siri. Tunasema hivi: usiifiche. Baadhi ya mizizi na majani huumiza ini au hugombana na dawa za hospitali. Mwambie daktari unachokunywa. Atakachokikataza, kiache.

Mionzi. Ngozi inaweza kuwa nyeusi na kuwasha. Osha kwa maji bila kusugua, vaa nguo ya pamba isiyobana, na usipake mafuta au manukato bila kuuliza. Usifute alama ulizochorwa, maana hizo ndizo ramani ya mtaalamu. Mionzi inayotoka kwenye mashine ya nje haibaki mwilini. Ukirudi nyumbani unaweza kumpakata mjukuu wako bila hofu yoyote.

MKONO WA UPANDE ULIOPASULIWA

Tezi za kwapani zikitolewa, maji ya mwili hupata shida kupita, na mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Kwa hiyo tuutunze.

Fanya mazoezi uliyofundishwa. Moja ni hili: simama mbele ya ukuta, tembeza vidole juu yake kama mjusi anavyopanda, mpaka ufike mwisho wa uwezo wako. Weka alama ya mkaa. Wiki ijayo jaribu kuipita.

Kazi za shamba zirudi taratibu, siyo siku moja. Anza na ndoo ndogo. Ukiwa kwenye miiba au moto wa jikoni, kinga mkono. Ukikatwa, osha kwa sabuni na funika kidonda. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na umevimba, usikae nyumbani. Wauguzi wengi hushauri pia sindano na kipimo cha presha vifanywe mkono mwingine. Kumbusha.

KIDONGE CHA KILA SIKU

Miongoni mwa vidonge vya kuzuia homoni, kinachojulikana zaidi ni tamoksifeni. Kilianza kuruhusiwa kwa saratani ya titi kule Uingereza mwaka ule ule wa 1973 tuliokuwa na Mtu ni Afya. Ni dawa ya miaka mingi, imechunguzwa kwa maelfu ya wanawake. Kwa wale ambao saratani yao hulishwa na homoni, kukimeza miaka mitano kumeonekana kupunguza vifo kwa kiasi cha theluthi moja. Fikiria hilo, ndugu zangu. Kidonge kidogo, mara moja kwa siku.

Lakini hapa ndipo watu huchoka zaidi. Mtu hana maumivu, nywele zimeota, majirani wamesahau. Akisahau kidonge leo, na kesho anasahau. Shida yenyewe: kidonge hiki huleta joto la ghafla mwilini na jasho usiku, na hedhi huvurugika. Mengi huvumilika. Yasipovumilika, mweleze daktari, usijiachishe mwenyewe.

Weka vidonge mahali penye tendo la kila siku, kwa mfano karibu na mswaki. Kila ukimeza, chora mstari katika daftari. Vikibaki vya wiki mbili, anza kutafuta vingine. Usingoje mpaka kopo liwe tupu.

Usishike mimba ukiwa unatumia dawa hii. Ongea na muuguzi juu ya uzazi wa mpango usiokuwa na homoni, kama kondomu au kitanzi cha shaba. Na haya yakitokea, nenda upesi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata ghafla, au damu kutoka ukeni kwa mama aliyekwisha koma hedhi.

KLINIKI YA UCHUNGUZI NA HOFU YAKE

Tiba kubwa ikiisha, mgonjwa hupangiwa kurudi kuchunguzwa. Kwa kawaida miaka mitatu ya kwanza ni kila baada ya miezi 3 hadi 6. Mwaka wa nne na wa tano, kila miezi 6 hadi 12. Baada ya hapo, mara moja kwa mwaka. Daktari huuliza maswali, hupapasa kifua, kwapa na shingo, na kila mwaka hupendekeza picha ya titi lililobaki, pale mashine ilipo. Kama huna dalili mpya, si lazima upigwe picha za mwili mzima kila mara. Usidhani umepuuzwa.

Tuseme jambo ambalo wengi hulificha. Wiki ya kliniki ikikaribia, usingizi unaruka. Kila maumivu ya mgongo yanageuka saratani. Mama mmoja alituambia, "Mwalimu, kulima nusu heka siku nzima hakunichoshi kama kukaa kwenye benchi la kliniki dakika kumi." Wapo wanaotoroka kliniki kwa sababu hiyo tu. Hofu hii si udhaifu, wala si dalili mbaya. Karibu kila mgonjwa anayo.

Tufanyeje? Usiende peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba unaogopa. Andika katika daftari kila maumivu, yalianza lini na yameisha lini. Maumivu ya siku mbili baada ya kuchota maji ni ya maji. Yanayokaa zaidi ya wiki mbili, au yanayoongezeka, ni ya kumwambia daktari bila kungoja tarehe. Vivyo hivyo: uvimbe mpya kwenye kovu, kwapani au titi la pili, kikohozi kisichoisha, kukosa pumzi, macho kuwa manjano, kichwa kuuma kila siku, kukonda bila sababu. Mguu ukikosa nguvu ghafla au mkojo ukashindwa kuzuilika, nenda siku ile ile.

Na yule ambaye ugonjwa wake umekwisha sambaa? Kwake tiba haina mwisho wa kuhesabu. Lengo ni kuuzuia na kuishi vizuri, na wapo wanaoishi miaka kadhaa. Maumivu si lazima kuyavumilia. Ipo mofini ya kunywa, na wapo wahudumu wa tiba shufaa ambao kazi yao ni kutuliza maumivu na kuwasikiliza wagonjwa na jamaa zao. Iulizeni.

NAULI NA MSAADA

Matibabu ya saratani yapo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwetu Kanda ya Ziwa ipo Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kwa Kaskazini ipo KCMC, Moshi. Hata hivyo njia ni ndefu. Anayetoka Ukerewe lazima avuke ziwa kwanza.

Tuhesabu. Nauli ya kwenda na kurudi ikiwa shilingi 20,000, safari sita ni 120,000. Akiwa na msindikizaji, ni 240,000. Hapo hatujataja chakula. Ukizipata fedha hizi siku moja kabla, hutazipata. Ukiweka 10,000 kila wiki tangu mwanzo, wiki 24 zinatosha. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii. Kwa nini mfuko huo usubiri msiba? Tuutumie mtu akiwa hai.

Fika pia kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ueleze hali yako na kuuliza juu ya msamaha wa gharama. Kama una kadi ya bima, uliza inalipa nini na hailipi nini. Kama tarehe imegongana na msimu, usikae kimya. Piga simu, omba tarehe ya karibu. Na majirani, mkimsaidia palizi siku mbili, mmemtibu.

NENO KWA AKINA BABA

Akina baba, mke aliyetolewa titi ni mke yule yule. Ana akili ile ile, anapika chai ile ile, na anakuangalia usoni kuona kama umebadilika. Usitazame pembeni. Mfunge kidonda. Msindikize kliniki angalau mara moja, uyasikie mwenyewe. Tendo la ndoa haliambukizi saratani. Katika siku za dawa ya mshipa tumieni kondomu, na kama kuna maumivu au ukavu, mwende wote wawili kwa muuguzi.

Akina mama, mkitaka nguo ikae sawa, shoneni kifuko cha kitambaa laini, mjaze pamba, mkiweke ndani ya sidiria. Anayejua cherehani amfundishe mwenzake. Asiyetaka kuvaa, asilazimishwe.

Ndugu zangu, tumesema mengi, lakini yote yanarudi mahali pamoja. Saratani ya titi hutibiwa kwa miaka. Mgonjwa hawezi kubeba miaka hiyo peke yake. Anahitaji kadi inayosomwa, tarehe inayohesabiwa, nauli iliyowekwa, na mtu wa kukaa naye kwenye benchi. Hayo yote yamo katika uwezo wa kijiji hiki. Yule mwandishi wa kikundi aliacha safari akiwa katikati, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Anayefuata, tumuulize.

Sasa gawanyikeni katika vikundi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mgonjwa aendelee na tiba hata kama uvimbe hauonekani?
2. Mama amepewa dawa ya mshipa tarehe 9 Juni. Atarudi tarehe ngapi baada ya siku 21? Siku zake za hatari ya homa ni zipi?
3. Kipimajoto kimesoma nyuzi 38 na nusu saa nane usiku. Familia ifanye nini? Nani mwenye pikipiki apigiwe simu?
4. Je, kikundi chenu kina mfuko wa kumsafirisha mgonjwa? Kama hakuna, muanze na shilingi ngapi?
5. Katika kitongoji chenu, yupo mtu aliyeacha kwenda kliniki? Nani atamtembelea wiki hii?